Ngazi Nayo ni Barabara

Ubishi wa mji upi una vilima vikali kuliko yote nimeuchoka. Wanaoupenda hupima mwinuko tu. Mwaka 2019 taji la barabara yenye mwinuko mkali zaidi duniani lilitoka Baldwin Street ya Dunedin, New Zealand, likaenda Harlech, Wales. Mwaka 2020 likarudi Dunedin. Mimi nina swali jingine: anayeishi kule juu, nani amemjengea ngazi?

Kwa kipimo hicho, Pittsburgh ya Marekani inaishinda miji mingi. Ina ngazi za umma zaidi ya 700, ambazo wafanyakazi wa viwanda vya chuma walizitumia kushukia kazini. Kinachonigusa si wingi wake. Nyingi kati ya hizo kisheria ni barabara: zina majina, zina vibao, zimo kwenye ramani ya jiji. Zipo zilizochakaa hadi kufungwa, lakini mwenye deni anajulikana.

Medellín, Kolombia, walikwenda mbali zaidi. Mwaka 2011 walifungua ngazi za umeme Comuna 13, eneo la watu maskini mlimani, lililoteswa kwa miaka mingi na vita vya magenge.

Sasa njoo kwetu Mwanza. Tunajisifia mawe, na Jiwe la Bismarck kila mgeni analipiga picha. Lakini panda Igogo, Mabatini au Bugarika. Nyumba zimekaa juu ya miamba, na katikati yake kuna vidato, vingine vya saruji, vingine vya mawe yaliyopangwa kwa mikono. Mtaani kwetu tulichangishana wenyewe: mwenye saruji alileta saruji, asiye nayo alibeba mchanga kichwani. Ngazi yetu haina jina, haina taa, haina mfereji. Masika yakianza inageuka mto. Mgonjwa hushushwa mgongoni mwa mtu, na jeneza hushushwa na vijana wanaopokezana mabega.

Najua tutakachoambiwa: "Nani aliwatuma mjenge huko?" Alitutuma mfuko. Kazi iko chini mjini, na kiwanja tunachokiweza kiko juu. Tena anayeuliza hivyo, asubuhi ananunua dagaa kwa mama aliyeshuka vidato hivyo alfajiri.

Ni kweli, baadhi ya vilima vimepata barabara za mawe, na magari yanapanda. Nashukuru. Ila wengi wetu hatuna gari, tuna miguu.

Sidai ngazi za umeme. Nadai ngazi ihesabiwe kuwa barabara: ipewe jina, iingizwe kwenye ramani, itengewe fungu katika bajeti, iwekewe mfereji, taa na chuma cha kushikilia. Na atakayekuja kutuomba kura, apande mwenyewe hadi nyumba ya mwisho, usiku, bila tochi. Akifika, tutamsikiliza.