Lugha ya Muuguzi Kando ya Mashine

Imezoeleka kudhaniwa kuwa Kiswahili hakina kazi katika chumba cha wagonjwa mahututi. Dhana hiyo ina kasoro. Muuguzi anayemhudumia mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa, naye amefungwa mashine ya kusafisha damu, hufanya kazi kwa mikono na kwa lugha. Mikono hulinda mpira ulio mshipani usiingie viini, hupima shinikizo la damu na joto la mwili, hukadiria maji yanayoingia na yanayotoka, na huchunga damu isigande ndani ya chujio. Lugha humtuliza mgonjwa, na kuwaeleza jamaa wanaosubiri nje.

Chukulia mfano wa mama Mdigo aliyetoka Lunga Lunga, mpakani mwa Kenya na Tanzania, akafuata barabara hadi hospitali ya rufaa ya Msambweni au hata Mombasa. Anaambiwa: "Mwanao anasafishwa damu." Kitenzi hicho chaweza kumpotosha mara mbili. Kwanza, atadhani damu ya mwanawe ilikuwa chafu, naye aone aibu. Pili, atadhani kilichosafishwa kimekwisha kutakata. Kumbe ambaye figo zake hazikupona hurudi mashineni, aghalabu mara mbili au tatu kwa wiki, kwa takriban saa 4 kila mara. Asiyeelezwa hilo atatoaje idhini?

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 yamtaka mhudumu, inapowezekana, amweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kisomo. Kwa hiyo tafsiri si hisani.

Kitenzi "kuchuja" kingefaa zaidi. Kila mpishi wa Pwani anajua kifumbu: tui hupita, chicha hubaki. Katika mashine hii kinachobaki ndicho chenye thamani: sumu na maji ya ziada hupita, damu hurejeshwa mwilini. Muuguzi mwenye mfano huo hueleza kwa dakika moja jambo ambalo istilahi ngeni hulificha.

Basi wanafunzi wa Kiswahili wasingoje kamati za istilahi. Waketi na wauguzi, pamoja na wasemaji wa Kidigo na Kiduruma, waandike maelezo mafupi, kisha wayajaribu kwa jamaa za wagonjwa. Istilahi isiyoeleweka kando ya kitanda haijakamilika, hata ikiwa imechapishwa kamusini. Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo.