Mtaka Kikorea na Aanze na Herufi Zake

Wako wanafunzi wa Kikorea wanaodai kwamba lugha ile yaweza kusomwa kwa herufi za Kirumi tulizozizoea, na kwamba herufi za wenyewe zaweza kungoja. Dai hili ni hasara iliyovikwa vazi la faida, wala halifai kuachwa lipite bila kujibiwa.

Tazama jina la mji mkuu wa Korea Kusini, Seoul. Msomaji wa Kiswahili hutamka e, kisha o, kisha u, kila moja peke yake, kama alivyofundishwa. Amekosa. Hizo e na o ni alama ya irabu moja tu, ambayo Kiswahili hakina. Tazama tena majina ya watu. Jemadari Yi Sun-sin, Syngman Rhee aliyekuwa rais tangu mwaka 1948 hata 1960, na Lee Myung-bak aliyekuwa rais tangu 2008 hata 2013, wote wana jina moja la ukoo. Herufi za Kirumi zimelipasua mapande matatu. Mwanafunzi atajuaje?

Ubaya haukomi hapo. Mtu wa Mombasa ajua kwamba paa, mnyama wa mwituni, na paa la nyumba si neno moja kinywani: la kwanza hutamkwa kwa pumzi, la pili bila pumzi, lakini maandishi yetu hayaonyeshi tofauti. Katika Kikorea tofauti ya namna hii ni ya kila siku, tena ina njia tatu. Dal ni mwezi wa mbinguni, ttal ni binti, tal ni kinyago. Msomaji wa herufi za Kirumi hudhani d hiyo ni d yetu, sivyo. Herufi za Wakorea zaeleza jambo hili waziwazi: ㄷ ni sauti ya kawaida, ikiongezwa kistari, ㅌ, ni sauti yenye pumzi, ikiandikwa maradufu, ㄸ, ni sauti iliyokazwa. Hapo macho huufundisha ulimi.

Husemwa kwamba herufi hizo ni ngumu. La hasha! Mfalme Sejong alizibuni mwaka 1443, akazitangaza mwaka 1446, kwa kuwa raia wake wa kawaida walishindwa na maandishi ya Kichina yenye alama maelfu. Mwaka 1444 mwanachuoni Choe Manri na wenzake walimpinga, wakiona ni aibu kuiacha njia ya Wachina. Wakati umewahukumu. Leo herufi za msingi ni 24 tu. Mwenye bidii huzitambua kwa siku chache.

Basi, kijana, ukivutwa na nyimbo au tamthilia za Korea, usiingie nyumba ya watu kwa dirishani ilhali mlango u wazi. Taabu ya siku chache itakuokoa na miaka ya kutamka vibaya, na mwenye lugha ataona kwamba umemheshimu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.