Kazi Wanafanya Saa Ngapi?

Yeyote aliyewahi kusafiri kwa barabara kutoka Morogoro kwenda Dodoma anaifahamu Dumila. Ni njia panda: mkono wa kushoto barabara inachepuka kwenda Kilosa, na mbele ni safari ya makao makuu. Malori husimama hapo, madereva na utingo wao hushuka kula, na matenga ya nyanya hupangwa kando ya lami. Hapo ndipo nilipolazimika kulala mwezi uliopita baada ya gari nililopanda kuharibika, na hapo ndipo niliposomeshwa habari za tamthilia na mama mmoja auzaye wali na ugali, ambaye kibandani mwake ana televisheni ndogo iliyofungwa kwa waya juu ya kabati la vyombo.

Yapata saa mbili na nusu usiku, kwenye kioo ulikuwa ukiendelea mchezo wetu mmoja wa Dar es Salaam, ambao jina lake naliacha. Bwana mwenye suti aligombana na mkewe sebuleni, juu ya makochi meupe. Ikafuata sebule nyingine, makochi mengine, na ugomvi mwingine. Mama yule, upawa mkononi, akauliza bila ya kumlenga mtu: "Hivi hawa kazi wanafanya saa ngapi?"

Madereva wakacheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa nimekuwa nikiandika juu ya michezo hii kwa miaka kadhaa na swali hilo halijapata kunijia.

Sisi wa Bara tuliipata televisheni kwa kuchelewa. Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973. Huku tulingoja mpaka 1994. Tulipoipata tulikuwa na njaa, na vikundi kama Kaole, ambako marehemu Steven Kanumba alipitia kabla ya kuvuma katika filamu, vilituonyesha nyuso zetu vikisema lugha yetu. Sitakubali mtu avibeze. Lakini sebule ile ya siku za mwanzo, iliyotokana na uhaba wa fedha za kupigia picha nje, imegeuka kuwa mazoea hata kwa wenye fedha.

Nikamwuliza mama apenda mchezo gani. "Sultan," akajibu papo hapo.

Hiyo ndiyo tamthilia ya Kituruki iliyoonyeshwa kwao Uturuki kati ya 2011 na 2014, ikaja kwetu kupitia Azam ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili. Nilikuwa na hoja zangu tayari: kwamba fitina za wake wa Sultani Suleiman si chakula cha familia, na kwamba watoto wa Kilosa hawana haja ya kuijua harimu ya Istanbul. Mama akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi nimeliona jiko lao." Akanieleza jinsi wapishi wa jumba lile wanavyohangaika, na jinsi yule Hürrem alivyoingia akiwa mtumwa asiye na kitu, akawa hana budi kujua nani anamlisha na nani anamtegea. "Kule kila mtu anajua anakula kwa nani. Hawa wenye makochi sijui."

Hoja zangu nikazirudisha mfukoni.

Dereva mmoja mtu mzima ndiye aliyelitaja jina la Mkwaju. Wenye umri wangu na kushuka huenda hawamjui. Alikuwa dereva wa lori katika "Twende na Wakati," mchezo ulioanza kusikika Radio Tanzania mwaka 1993, mara mbili kwa wiki. Mtu mwenye hawara katika kila kituo, huku mkewe Tunu akibaki na watoto. Mchezo ulikusudiwa kufundisha uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI. Dodoma, mbele kidogo ya barabara hiyohiyo, hawakuusikia mpaka 1995, kwa kuwa watafiti walitaka kulinganisha waliousikia na wasiousikia. Madereva basi walikuwa wakiuacha mchezo nyuma yao.

Mama akaweka upawa chini. Alisema mwaka ule alikuwa na mtoto mmoja na mume dereva. Mume alipokuwa nyumbani walisikiliza redio pamoja, ila Mkwaju alipoanza kusema, bwana aliondoka kwenda kutazama matairi. "Matairi usiku," alisema. "Ndipo nilipojua." Tunu alipomwacha mumewe na kuanza biashara yake, yeye naye alikuwa amekwisha kupiga hesabu ya unga, mafuta na sukari, akaanza na chai na maandazi. Mume alirudi mara mbili, kisha hakurudi tena.

Simwombi mtunzi yeyote atuhubirie. "Siri ya Mtungi," iliyoanza 2012, nayo ilikuwa na mafundisho yake, lakini tuliifuata kwa sababu Cheche alikuwa mpiga picha wa Bagamoyo, na kazi yake ilikuwamo ndani ya hadithi, nasi tuliuona mji. Dumila nayo ina hadithi. Mafuriko ya Januari 2014 yalipoikata barabara hii, magari yalikwama pande zote mbili. Mama anasema walikuwapo waliokula kwa mkopo, na baadhi yao bado anawadai. Hiyo peke yake ni sehemu kumi na tatu za mchezo, bila ya kochi hata moja.

Wakati huo tamthilia ilikuwa imekwisha. Utingo aliyekuwa amesinzia akaamka, akauliza kama bwana mwenye suti ameumbuliwa.

"Amehamia sebule nyingine," mama akamjibu. "Wewe bado hujalipa maharage."