Akidi ya Msiba Hutimia, ya Mzazi Haitimii

Kikao cha tatu mfululizo cha chama chetu cha watu wa Karagwe na Kyerwa tulioko Uingereza kimevunjika kwa kukosa akidi. Katiba yetu haihitaji mwanasheria: kikao cha marekebisho ni halali wakifika wanachama hai 41. Tulikuwa 23, na wawili kati yetu walikuwa wanadaiwa ada, kwa hiyo hesabu ya kweli ni 21. Mwenyekiti akafunga kikao chai ikiwa bado ya moto. Wiki iliyofuata tukapata msiba. Mchango ulitimia kwa siku mbili, na waliojaa sebuleni ni wale wale ambao Jumamosi walikuwa "kazini".

Marekebisho yanayosubiri ni maneno machache tu. Kifungu cha 9 kinasema msaada wa uzazi utatolewa "kwa vitu". Kamati inaomba kisomeke "kwa vitu, nauli au malipo ya kazi". Kifungu hicho kiliandikwa kabla wilaya ya Kyerwa haijamegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, na vitu vyenyewe vilikuwa kanga, sabuni na beseni. Baadaye makopo ya maziwa ya unga yakapenya kwenye furushi, kwa nia njema, na sasa kila mwenye ndugu aliyejifungua Nyakatuntu, kule Kyerwa, anaulizia kopo kana kwamba ni haki ya uanachama.

Nilipokwenda likizo nyumbani mwaka jana nilimtembelea jirani yetu, siku ya nne baada ya kujifungua. Matiti yalikuwa yamejaa hadi yakawa magumu, chuchu moja imechanika, mtoto analia, na mama mkwe, mwanamke mwenye busara zake, anakoroga maji ya sukari. Akaingia mhudumu wa afya wa kitongoji. Alinawa mikono, akamsaidia mama kukamua kidogo ili titi lilainike, akamgeuza mtoto tumbo kwa tumbo na mama yake. Akasubiri mdomo ufunguke kama wa mtu apigaye miayo, ndipo akamsogeza mpaka kidevu kikagusa titi. Maziwa yaliyokamuliwa mtoto alinyweshwa baadaye kwa kikombe. Mama mkwe akapewa kazi ya kuhesabu nepi: kuanzia siku ya tano, zikilowa sita au zaidi kwa siku, mtoto anashiba. Maji ya sukari yakamwagwa nje. Yote hayo yalichukua kama nusu saa. Mhudumu alikuja kwa miguu na akaondoka kwa miguu, bila hata nauli ya bodaboda.

Sisi tuliojifungulia Uingereza, mkunga alitufuata nyumbani siku za mwanzo, tukaona ni jambo la kawaida. Kwa nini tunamtumia mwenzetu kopo?

Kopo la gramu 400 halimfikishi mtoto wiki. Wiki hiyo ananyonya kidogo, titi nalo linapunguza maziwa. Kopo likikaribia kwisha, mama anaongeza maji, na tumbo la mtoto linaanza kuharisha. Kanuni ya kimataifa ya 1981, na kanuni za Tanzania zilizoifuata tangu mwaka 1994, zinazikataza kampuni kuwagawia akina mama sampuli za bure. Sisi tunafanya jambo hilo hilo kwa ada zetu wenyewe! Na hii ni Kagera, mkoa wetu wa ndizi na maharage, ambako utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 34.3 ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa, wakati wastani wa nchi ulikuwa 30.

Mzee wetu mmoja aliniuliza kando: na mama mwenye virusi? Swali halali kwa mkoa ulioona wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwaka 1983. Wapo walioambiwa zamani wasinyonyeshe kabisa, na maneno hayo bado yanatembea vijijini. Ushauri ulibadilika. Mama anayemeza dawa zake kila siku bila kukosa hunyonyesha, maziwa yake pekee miezi 6 ya mwanzo, na mtoto hupewa dawa za kinga na kupimwa kliniki. Kopo la ghafla mikononi mwa mama huyo laweza pia kumtangazia siri yake kwa majirani.

Wengi mlishangilia marekebisho ya sheria ya kazi ya 2025 yaliyomwongezea likizo mama wa mtoto njiti. Sawa. Sheria ya 2004 tayari inampa mwajiriwa siku 84, na hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Lakini mwenye kahawa yake Nyakatuntu ataomba ruhusa kwa nani? Mavuno yakianza anaingia shambani, kichanga kinabaki na dada yake wa miaka minane na kikombe cha uji. Ndiyo maana tumeandika "malipo ya kazi": tumlipe kibarua avune badala yake wiki chache. Ndiyo likizo tunayoweza kumnunulia.

Ubishi wa msaada huu mpya uanzie Karagwe au Kyerwa umenichosha. Nyakatuntu imependekezwa kwa sababu wanawake wa kuweka na kukopa wanakutana huko kila wiki, na mhudumu wanaye. Anayetaka Kayanga, upande wa Karagwe, iwe ya kwanza aje apige kura, asinong'one kwenye simu.

Kikao cha nne ni Jumamosi ya kwanza ya Agosti, ndani ya Wiki ya Unyonyeshaji Duniani, saa nane mchana. Mwanachama mmoja anaruhusiwa kumwakilisha mmoja tu. Fomu ya uwakilishi iwe na saini ya wino na imfikie katibu siku 7 kabla. Picha ya simu haikubaliki, na fomu sita zilikataliwa mara iliyopita kwa sababu hiyo hiyo. Wenye deni la ada walimalize kwa mweka hazina kabla Julai haijaisha. Tunahitaji watu 41.