Jipu Lisilosikia Dawa

Aprili 2024 jopo la wataalamu wa kinga nchini Marekani lilipendekeza wanawake wapimwe kwa mamografia kila baada ya miaka miwili, kuanzia umri wa miaka 40 hadi 74. Pongezi zikamiminika, nami nikakereka, kwa sababu shangwe ile imezidi kuwaaminisha watu kuwa saratani ya matiti ni kivimbe, na kwamba anayefuata ratiba amekwisha salimika. Iko aina isiyojali ratiba. Seli zake huziba mishipa midogo ya limfu ya ngozi. Titi huvimba, hupata joto na kuwa zito, na ngozi hufanya vishimo kama ganda la chungwa, yote hayo katika wiki au miezi michache. Mara nyingi hakuna kivimbe cha kushikika, na mamografia yaweza isioneshe kitu. Huko Marekani inakadiriwa kuwa asilimia 1 hadi 5 ya saratani za matiti, na siku inapotambuliwa huwa imekwisha fika hatua ya tatu au ya nne.

Watetezi wanasema jopo lilishughulikia wasio na dalili, na kwamba sera ya taifa haiandikwi kwa ajili ya ugonjwa adimu. Ni kweli.

Ila mwenye dalili ndiye anayeachwa njiani. Daktari akiona titi jekundu lenye joto huandika antibayotiki, na mara ya kwanza hana kosa, hasa kwa mama anayenyonyesha. Kosa ni dozi ya pili, kisha ya tatu. Maambukizi yakipata dawa yake huonesha nafuu upesi. Ikipita wiki moja au siku kumi bila nafuu, kinachotakiwa ni kuchukua kinyama cha titi pamoja na kipande cha ngozi, na kupima tezi za kwapani kwa altrasaundi. Kuchelewa huku huharibu mengi, kwani tiba ina mpangilio wake: kemo kwanza, ndipo titi lote liondolewe pamoja na tezi za kwapa, kisha mionzi. Anayekimbilia kisu kabla ya kemo anakata ngozi ambayo bado imejaa saratani. Halafu kuna kipimo cha wekundu, ambao vigezo vya utambuzi vinataka uenee angalau theluthi ya titi. Wekundu kwenye ngozi ya nani? Kwenye ngozi nyeusi huweza kuonekana kama zambarau au weusi uliokolea, au usionekane kabisa, ilhali Wamarekani weusi huupata ugonjwa huu zaidi ya weupe. Kumwambia mwanamke huyo kwamba amechelewa kuja, baada ya kumrudisha nyumbani mara tatu na vidonge vilevile, ni utovu wa haya. Uadimu nao si kisingizio: agizo la kuchukua kinyama dozi ya kwanza ikishindwa halihitaji mashine mpya wala jopo jingine, na kwa mwanamke wa miaka 35 ndilo pekee linalomhusu.