Gari la Wagonjwa Si Hisani

Mvua inyeshapo Mukumu, vijia vya kutoka vijijini hadi barabara kuu ya Kakamega–Kisumu huwa utelezi mtupu. Nimemwona mama mjamzito juu ya bodaboda, mkwewe akimshikilia kwa nyuma, wakielekea hospitali ya misheni. Wazee wetu walibebwa kwa machela ya miti. Sisi tumebadilisha wabebaji tu.

Na si kwamba sheria haipo. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, ilizitaja huduma za magari ya wagonjwa waziwazi na kuzikabidhi serikali za kaunti, zilizoanza kazi mwaka 2013. Kifungu cha 43 nacho chakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Kwa hivyo gari hilo si zawadi ya mwanasiasa, hata likizinduliwa kwa ngoma na hotuba ndefu kuliko safari yenyewe.

Walimu na wanafunzi wana sababu ya kulifuatilia jambo hili. Mnamo mwaka 2023, maradhi yalizuka katika Shule ya Upili ya Wasichana ya Mukumu. Mamia waliugua, wanafunzi kadhaa wakafariki, shule ikafungwa. Tangu hapo najiuliza: ni shule ngapi za bweni zilizobandika ukutani nambari ya kuitia gari la wagonjwa? Mwalimu wa zamu, saa nane usiku, humpigia nani?

Kaunti na itangaze magari ni mangapi, hulala wapi, na nani hulipia mafuta.