Mchoro Ukibadilika, Hesabu ya Hatari Nayo Ibadilike

Ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi tarehe 10 Machi 2019 ilianguka dakika chache baada ya kupaa. Watu wote 157 walikufa, 32 kati yao Wakenya. Chini ya miezi mitano kabla, ndege nyingine ya aina ya Boeing 737 MAX ilikuwa imetumbukia baharini Indonesia na kuua 189. Lawama nyingi zilielekezwa kwa kihisi kimoja kilichotoa taarifa za uongo, na ni haki. Lakini mimi nazitazama zaidi namba mbili: 0.6 na 2.5. MCAS, programu iliyoinamisha pua ya ndege, awali ilipangiwa kusogeza bawa la mkia kwa nyuzi 0.6. Majaribio yalipoonyesha kwamba hazitoshi ndege ikienda polepole, wahandisi walizipandisha hadi 2.5, zaidi ya mara nne. Hati ya tathmini ya usalama iliyokabidhiwa FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, ikabaki na 0.6. Ikawa hatari inapimwa kwa ndege ya kwenye karatasi, na abiria wanapanda nyingine.

Chanzo ni utaratibu wa kazi. Msanifu huchora vifaa na mawasiliano yake. Mchambuzi wa usalama huchora mti wa hitilafu, yaani mchoro wa njia ambazo ajali inaweza kutokea, mbinu iliyobuniwa Bell Labs mwaka 1962 kwa ajili ya makombora. Michoro hiyo miwili mara nyingi huunganishwa na vikao na kumbukumbu za watu tu. Kila tawi la mti lingefungwa kwenye kifaa linachokizungumzia, namba ikiguswa upande mmoja, upande wa pili ungekataa kutiwa saini mpaka upitiwe upya.

Wapo wanaohofu kwamba mchambuzi aliyefungwa hivyo atarithi makosa ya msanifu. Hoja hiyo ni nzito: mti ukizalishwa na kompyuta kutoka kwenye mchoro, kilichosahauliwa huku kitasahauliwa na kule. Ndiyo maana sidai michoro hiyo miwili iwe mmoja. Mkaguzi wa hesabu haandiki daftari la mwenye duka, ila hawezi kukagua la mwaka juzi. Wala zana ya kuunganisha michoro haitahoji dhana kwamba rubani angeitambua hitilafu na kuidhibiti ndani ya sekunde chache. Hiyo ni kazi ya mtu. Kuhusu gharama ya kuiunganisha, kutoiunganisha nako kuna bei: Marekani ilizizuia ndege za 737 MAX kuruka kwa miezi 20. Mamlaka zetu za anga, zinapoletewa cheti cha ng'ambo, ziulize tarehe mbili: usanifu ulibadilishwa lini mara ya mwisho, na tathmini ilipitiwa lini.